Treni ya Kigoma na maji ya Kilosa: kwa nini safari husitishwa, na msafiri ajipange vipi

Swali: Msomaji wetu anayeishi Dar es Salaam anaeleza kwamba mwishoni mwa Januari familia yake ina harusi Kigoma. Watasafiri na mama yao mwenye umri mkubwa, ambaye magoti hayamruhusu kukaa ndani ya basi mchana na usiku, na kwa sababu hiyo wameamua kwenda kwa treni, daraja la pili la kulala. Anauliza kwa nini karibu kila msimu wa mvua husikika tangazo la kusitishwa kwa treni za bara. Kwa nini, ikiwa palipoharibika ni mahali padogo tu, njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita elfu moja husimama yote. Na kama reli ya kisasa inayofika Dodoma inaweza kutumika kulikwepa tatizo hilo. Anaongeza kwamba alichagua Januari akiamini kuwa masika huwa bado hayajaanza.

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuponza. Kalenda ya mvua uliyoizoea Dar es Salaam, yenye vuli kabla ya mwisho wa mwaka na masika kuanzia Machi, siyo kalenda ya mahali ambapo reli hukatika. Maji yanayoiharibu Reli ya Kati, yaani hiyo njia ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma, hutoka kwa sehemu kubwa katika nyanda za Dodoma, ambako kuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu na Desemba na kumalizika karibu na Aprili. Kwa hiyo Januari, ambayo kwa mtu wa Pwani ni mwezi wa jua, kwa wahandisi wa njia ni mwezi wa kulala na simu mkononi. Uharibifu mkubwa wanaoukumbuka wengi, ule uliosimamisha treni za abiria kutoka Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, ulitokea kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, wakati ambapo masika yalikuwa bado mbali.

Mahali penyewe panajulikana vizuri. Ni kipande cha njia chenye urefu wa takriban kilomita 80 kati ya Kilosa, mkoani Morogoro, na Gulwe, mkoani Dodoma, kinachopita katika stesheni za Munisagara, Mzaganza, Kidete na Godegode. Ukisikia majina hayo katika tangazo la kusitishwa kwa safari, si bahati mbaya kwamba ni yaleyale ya miaka iliyopita. Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Walipofika Kilosa walikabiliwa na safu za milima iliyokuwa baina yao na uwanda wa juu wa Dodoma, na kwa kuwa treni ya mvuke haipandi mlima mkali, walifanya lile ambalo mjenzi yeyote wa reli wa wakati ule angelifanya: waliufuata mto uliokuwa umekwisha kujichongea njia. Uamuzi huo uliwapunguzia gharama na miinuko, lakini uliliweka tuta la reli kando ya maji kwa kilomita nyingi mfululizo, kiasi kwamba mahali pengine tuta hilo ndilo ukingo wa mto.

Mto huo upande wa Gulwe huitwa Kinyasungwe, na ukishuka kuelekea Kilosa huitwa Mkondoa, kabla ya maji yake kuingia katika mto Wami na kuishia Bahari ya Hindi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka Kinyasungwe ni mto wa mchanga ambao mtu huuvuka kwa miguu bila kulowa. Mvua kubwa inaponyesha juu yake, kwa mfano katika vilima vya Mpwapwa na Kongwa, maji huteremka kwa muda mfupi yakiwa yamebeba mchanga, mawe na magogo, na kwa sababu ardhi ya huko imepoteza sehemu kubwa ya uoto wake kutokana na kilimo cha miteremkoni na malisho, kila msimu huleta mchanga mwingi. Mchanga huo hutuama chini ya madaraja. Daraja lililojengwa likiwa na nafasi ya kutosha kupitisha maji hujikuta, baada ya miaka, likiwa na nafasi ndogo sana, ingawa lenyewe halijashuka hata sentimita moja. Tena mafuriko hayo yanaweza kufika Kilosa jua likiwa linawaka, jambo linalowachanganya abiria waliosimama stesheni wakitazama mbingu nyeupe huku wakiambiwa kwamba treni haiendi kwa sababu ya mvua.

Inafaa pia kufahamu namna njia inavyokatika, maana hapo ndipo unapopata kujua muda wa matengenezo. Mara nyingi maji hayazivunji reli zenyewe. Huondoa kilichoko chini yake. Karavati, yaani tundu la kupitishia maji chini ya tuta, likizibwa na magogo, maji hujikusanya upande mmoja wa tuta, na tuta lililojengwa kwa kazi ya kubeba treni hulazimika kufanya kazi ya bwawa, kazi ambayo halikujengewa. Likizidiwa hupasuka, kokoto na udongo husombwa, na reli pamoja na mataruma yake hubaki vikining'inia hewani. Tobo la mita chache linaweza kujazwa kwa siku moja au mbili ikiwa treni ya kokoto inaweza kulifikia. Nguzo ya daraja iliyochimbwa chini na maji, au mto ulioamua kuhama na kuchukua mahali pa reli, ni kazi ya majuma au miezi. Ndiyo sababu tangazo linalosema tu kwamba huduma zimesitishwa mpaka hapo itakapotangazwa tena halikusaidii sana. Unachopaswa kukijua ni kama kilichoondoka ni tuta au ni daraja.

Nisiseme kana kwamba hakuna kilichofanyika. Shirika la Japani la JICA lilikichunguza kwa kina kipande hiki na namna ya kukilinda dhidi ya mafuriko, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, yenye kilomita 970, ilikarabatiwa, ikiwa ni pamoja na kuwekwa reli nzito zaidi na kuimarishwa kwa madaraja. Kazi hiyo imezifanya treni zipite salama zaidi mahali pengi. Lakini reli nzito haizuii mto usihame, na kwa maoni yangu, hadi pale miteremko ya juu itakapotunzwa na maji kupunguzwa kasi kabla hayajafika bondeni, kipande cha Kilosa na Gulwe kitaendelea kuwa mahali pa kufanyiwa matengenezo ya mara kwa mara.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Reli ya Kati ni njia moja. Treni mbili hupishana stesheni tu, na hakuna njia ya pembeni ya kuzunguka palipokatika. Ipo njia inayochepuka Ruvu kwenda Mruazi, lakini hiyo inaunganisha na reli ya Tanga, Moshi na Arusha, haielekei magharibi. Wengine huuliza kuhusu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na swali hilo ni la haki, kwa kuwa reli hizo mbili zinakutana Kidatu. Tatizo ni kwamba upana kati ya reli mbili ni milimita 1,000 upande wa Reli ya Kati na milimita 1,067 upande wa TAZARA; tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kabisa kulizuia behewa lisipite, na ndiyo maana Kidatu ni mahali pa kuhamishia mizigo kutoka behewa moja hadi jingine. Treni ya abiria haihamishwi hivyo.

Hata hivyo kukosekana kwa njia mbadala ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili, ambayo abiria wengi hawaioni, ni mzunguko wa mabehewa. Safari ya Dar es Salaam hadi Kigoma ni ya takriban kilomita 1,250, na msafiri huilalia njiani. Seti moja ya mabehewa ikienda, ikasafishwa na kurudi, sehemu kubwa ya juma imekwisha. Treni zikipangwa kwa utaratibu huo, kila safari inategemea mabehewa ya safari iliyotangulia. Njia ikikatika wakati seti iko Kigoma au Mwanza, Dar es Salaam hubaki haina treni ya kuondoka hata baada ya njia kufunguliwa, mpaka mabehewa yarudi. Ikikatika wakati seti ziko Dar es Salaam, abiria wa Tabora, Mpanda na Kigoma hukosa treni ingawa njia ya kwao ni nzima na kavu. Ongeza hapo suala la vichwa vya treni: karakana kubwa ya kuvitengeneza iko Morogoro, mashariki ya palipokatika, kwa hiyo kichwa kinachoharibika vibaya upande wa magharibi hakiwezi kupelekwa huko. Ndiyo sababu usumbufu wa siku tatu kwenye tuta unaweza kuwa usumbufu wa siku kumi kwenye ratiba, na hata wakati safari zimerejea unaweza kukuta zimepunguzwa kwa muda.

Njia ikikatika, wasimamizi wa safari huwa na machaguo machache. Wanaweza kuahirisha safari kwa siku moja au mbili ikiwa tobo ni dogo. Wanaweza kuifupisha, yaani treni ianzie Dodoma na kurudia hapo, endapo mabehewa na kichwa vilikuwa upande huo. Hivyo ndivyo ilivyofanyika mwaka 2010. Wanaweza kuwavusha abiria kwa mabasi kutoka upande mmoja wa palipokatika hadi mwingine, lakini hilo linahitaji barabara inayopitika, na barabara za bonde lile huwa na matope yaleyale yaliyoiharibu reli. Au wanaweza kusitisha kabisa. Chaguo la kufupisha ndilo lenye manufaa kwako, na nitalirudia hapa chini.

Uvumilivu wako utahitajika hata baada ya njia kutengenezwa. Kwa kawaida treni ya kokoto hupita kwanza, kisha treni za mizigo kwa mwendo wa tahadhari, na treni ya abiria huruhusiwa baada ya tuta jipya kushindiliwa na uzito huo. Huenda pia ikaamriwa kwamba kipande kipitwe mchana tu, ili dereva aione njia. Abiria hulalamika kwamba mizigo inathaminiwa kuliko watu. Ukweli ni kinyume chake, kwa kuwa tuta bichi hujaribiwa kwa shehena ya saruji kabla ya kujaribiwa kwa watoto waliolala. Watu wa reli wa Tanzania hawajaisahau Igandu, mbele kidogo ya Gulwe, ambako tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma mwinukoni bila kuzuilika na kuigonga treni ya mizigo, watu 281 wakapoteza maisha. Ajali ile haikuletwa na mafuriko, lakini ilitokea katika mpando uleule wa kuelekea uwanda wa Dodoma, na mtu aliyeisoma taarifa yake hatathubutu kulifungua tuta bichi kwa sababu tu stesheni imejaa watu.

Kuhusu reli ya kisasa, jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa namna unayoifikiria. Treni za reli hiyo zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi huduma hiyo tarehe 1 Agosti 2024. Upana wake ni milimita 1,435, kwa hiyo treni ya Kigoma haiwezi kuhamia humo, wala treni ya umeme haiwezi kuendelea mbele ya Dodoma kwa kutumia njia ya zamani. Vipande vya kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma ni miradi iliyokwisha kupewa wakandarasi, lakini harusi yako haiwezi kuvisubiri. Kinachowezekana ni wewe na familia yako kusafiri kwa treni ya umeme hadi Dodoma, kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne hivi, kisha kupanda treni ya njia ya zamani Dodoma kwenda Kigoma. Kwa kufanya hivyo mnakuwa mmekivuka kipande cha Kilosa na Gulwe kwa njia nyingine, iliyopitishwa katika mahandaki na juu ya madaraja marefu kwenye eneo hilohilo la milima.

Nasema njia nyingine, sisemi njia isiyosumbuliwa. Reli ya kisasa ina udhaifu wake, na mkubwa ni umeme: nguvu ikikosekana kwenye waya wa juu, treni husimama. Katika majuma ya mwanzo ya huduma hiyo mwaka 2024, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilieleza kwamba ngedere na bundi walikuwa miongoni mwa visababishi vya hitilafu ya umeme iliyoisimamisha treni, na watu wakacheka sana mitandaoni. Mimi sikucheka, kwa kuwa wanyama na ndege kugusa nyaya ni jambo linalowasumbua wahandisi wa reli za umeme kila mahali. Muhimu kwako ni kwamba hitilafu ya namna hiyo kwa kawaida huhesabiwa kwa saa, ilhali ya mto huhesabiwa kwa siku. Reli hiyo pia inapita karibu na bonde hilohilo, kwa hiyo mvua isiyo ya kawaida inaweza kuzihusu reli zote mbili.

Basi ninakushauri uifanye Dodoma kuwa kiungo cha safari yako tangu mwanzo, badala ya kuifikiria siku ambayo tangazo la kusitishwa limekwisha kutoka. Nunua tiketi ya Dodoma hadi Kigoma mapema, kwa kuwa vyumba vya kulala ni vichache. Kabla ya kulipa, uliza stesheni maswali mawili mahsusi: kama njia ikikatika Kilosa, treni hiyo itaanzia Dodoma au itafutwa, na je, mabehewa ya safari hiyo kwa wakati huo yako upande gani. Mhudumu wa dirisha la tiketi huenda asijue jibu la swali la pili, lakini mkuu wa stesheni anaweza kulipata kwa simu moja kwa wadhibiti wa treni. Lirudie swali hilo siku mbili kabla ya kuondoka.

Fika Dodoma siku moja kabla. Stesheni ya reli ya kisasa iko Mkonze, na ile ya zamani iko katikati ya mji. Hazikutazamana, na kwa mama mwenye magoti mabovu utahitaji teksi pamoja na muda wa kutosha. Treni inayotoka Dar es Salaam kwa njia ya zamani mara nyingi hupita Dodoma kwa kuchelewa, hata bila mvua, kwa hiyo tafuta nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni, uache namba yako kwa wahudumu, na mama asubiri akiwa amelala kitandani badala ya kukaa kwenye benchi. Katika chumba cha daraja la pili kuna vitanda sita. Omba cha chini kwa ajili yake wakati wa kukata tiketi, si wakati wa kupanda, au kama uwezo upo mkatieni daraja la kwanza, ambalo chumba chake kina vitanda viwili. Zingatia vilevile mizigo: masharti ya treni ya umeme ni makali zaidi kuliko yale ya treni ya zamani iliyozoea magunia na madumu, kwa hiyo zawadi kubwa za harusi ni afadhali zitangulizwe kwa njia nyingine.

Upande wa fedha, kumbuka kwamba tiketi mbili za njia mbili tofauti ni mikataba miwili. Ukichelewa treni ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza, usidhani kwamba utapokewa bila malipo; ndiyo faida nyingine ya kulala Dodoma. Safari ikifutwa na mtoa huduma, kwa kawaida abiria hupewa nafasi ya kubadilishiwa tarehe au kurudishiwa nauli, na jambo la busara ni kwenda dirishani siku hiyohiyo ukiwa na tiketi yenyewe na kitambulisho, na kuomba uandikiwe uamuzi uliofikiwa. Gharama za ukumbi, mapambo na wageni waliokosa kufika ni hasara ambayo usitegemee kulipwa pale ambapo chanzo ni mafuriko. Ukiona hukutendewa haki kuhusu nauli, lalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi, na usiporidhika, kwa LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kudhibiti usafiri wa ardhini. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji kama wewe.

Magharibi ya Dodoma hali ni nyepesi zaidi. Njia inapita uwanda wa Manyoni na Itigi hadi Tabora, ambako mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma hutenganishwa, na kusubiri kwa saa kadhaa hapo ni jambo la kawaida lisilopaswa kukutia hofu. Mbele ya Kaliua kuna mbuga za mto Malagarasi, zinazojaa maji polepole, na mara nyingi tahadhari hutangulia madhara. Panga kufika Kigoma siku tatu kabla ya harusi, si moja.

Kurudi kunahitaji mpango wake, na hapa wengi hujisahau. Njia ikiwa ilifungwa na kufunguliwa katikati ya mapumziko yenu, treni ya kwanza kuelekea mashariki hujaa abiria wote waliokuwa wamekwama, na wenye tiketi zilizoahirishwa huenda wakapewa nafasi kabla ya wanunuzi wapya. Kata tiketi ya kurudi Dodoma siku hiyohiyo unayokata ya kwenda, lakini tiketi ya treni ya umeme kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam usiikate mpaka treni yenu imekwisha kuondoka Tabora.